Ugonjwa wa Crohn Ukitulia, Pesa ya Gulio Iende Wapi?

Ukiwa kijijini kama Masuguru na ugonjwa wa utumbo uitwao Crohn umetulia, usiuze mbuzi ili ununue maziwa ya lishe ya kopo. Hakuna mlo mmoja uliothibitishwa kumkinga kila mgonjwa asirudiwe na ugonjwa. Kinachotakiwa ni chakula cha kawaida kinachojenga mwili, dawa ulizoandikiwa na nauli ya kliniki. Pesa igawanywe kwa mambo hayo matatu kabla hujafika gulioni.

Jambo la kwanza: je, daktari amekwambia utumbo wako umebana mahali? Kama ndiyo, vyakula vya nyuzinyuzi ngumu vinaweza kukwama, na ushauri wake utangulie wangu.

Sembe au dona? Mashineni, sembe unailipia mara mbili, kukoboa na kusaga, na pumba inapunguza debe lako. Dona unalipia kusaga tu, na unga unarudi mwingi. Kasoro yake ni kwamba haikai, basi saga ya wiki mbili, isizidi. Mahindi yenye ukungu usiyaguse: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Tumbo likiipokea, chukua dona. Utumbo ukiwa umebana, kula sembe au wali.

Mboga ya kujenga mwili. Nyama ni ghali, na mfupa unapimwa pamoja na mnofu. Maharage ni rahisi gulioni, lakini hesabu na mkaa wake. Yaloweke usiku kucha, umwage maji, ndipo uchemshe. Dagaa wakavu hawahitaji friji na wanakaa muda mrefu. Ng'oa vichwa, osha mchanga mpaka maji yawe meupe, kisha watwange kama mifupa inakusumbua. Mayai hayana cha kutupa ila maganda, na yanaiva haraka. Trei ya 30 kwa kawaida huwa nafuu kuliko kununua moja moja. Kwa pesa kidogo, chagua dagaa na mayai.

Maziwa. Kama yanakujaza gesi, jaribu mtindi. Wengi wasioyaweza maziwa huuweza. Maziwa ya mfugaji jirani ni nafuu kuliko ya pakiti, lakini lazima uyachemshe, na kuni nazo ni gharama.

Matunda na mboga za majani. Papai na ndizi mbivu ni laini. Machungwa ya msimu ni bei ya chini, ila makapi yake ni magumu kwa utumbo uliobana. Kamua, chuja, unywe. Mchicha unaiva haraka. Kisamvu kinakula kuni nyingi. Karoti zinazoshuka kutoka Lushoto, zikipikwa zikalainika, zinafaa.

Usichohitaji kununua. Maziwa ya unga ya lishe ya kopo yana kazi yake mgonjwa anapokonda au daktari anapoagiza. Kwa anayekula vizuri, ni pesa ya bure. Unga maalumu wa dukani unaouzwa kuwa hauna ngano, kama huna tatizo la ngano, acha. Dawa ya asili inayodaiwa kumaliza ugonjwa kabisa, acha pia.

Gharama zilizojificha ndizo zinazomaliza watu. Diklofenaki na ibuprofeni ni za bei ndogo dukani, lakini zinaweza kuuamsha ugonjwa. Ukiumwa, uliza kama parasetamoli inatosha. Sigara huuzidisha ugonjwa wa Crohn, na kuiacha kunakurudishia pesa kila siku. Kama sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba ilikatwa, ulizia sindano za vitamini B12, maana ndipo inapofyonzwa.

Kubwa kuliko yote ni kuruka dawa kwa kuwa unajisikia mzima. Ugonjwa ukirudi, utalipa bodaboda, basi la kupitia Segera kwenda hospitali ya Muhimbili au KCMC, kulala huko, na mtu wa kukuuguza. Nauli moja ya namna hiyo inanunua dagaa wa kula muda mrefu.

Basi tenga nauli ya kliniki na pesa ya dawa kwanza. Kwa zinazobaki, nunua mahindi makavu, dagaa, mayai na matunda ya msimu. Kopo liache dukani.