Miwani ya Majini kwa Asiyeona Mbali

Tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kukamilika mwaka 2012, mitaa mipya imezidi kuota baina ya Ruiru na Thika, na pamoja nayo mabwawa ya kuogelea ya hoteli, klabu na shule, ambayo siku za Jumamosi hujaa watoto waliopelekwa na wazazi wao kufunzwa elimu ambayo zamani kijana wa huku aliipata mtoni Chania kwa kuihatarisha roho yake. Aghalabu huonekana kati yao mtoto mmoja akivua miwani na kumkabidhi mama yake, kisha akiendea ukingo kwa hadhari, unyayo wake ukiipapasa ngazi ya kwanza kabla hajathubutu kuikanyaga. Na mwalimu anaponyanyua mkono upande wa pili wa bwawa, wenziwe huitika, naye hana habari kwamba ameitwa. Husemwa kuwa anaogopa maji. Nami nasadiki kwamba wengi wa hao si waoga hata kidogo: hawaoni, na dawa yao ni miwani ya kuogelea yenye namba.

Ili tuifahamu dawa hiyo, yafaa tujue kwanza maji huyatenda nini macho. Jicho la binadamu huikusanya nuru kwa nguvu ya dayopta 60 hivi, na takriban theluthi mbili za nguvu hiyo hutoka kwenye konea, yaani ule utando angavu wa mbele, kwa kuwa nuru hupindwa itokapo hewani na kuingia humo. Lakini maji na konea huipitisha nuru kwa namna inayokaribiana mno, hivyo mtu akifumbua macho majini kule kupindwa karibu kote hutoweka, na mzima na mwenye kasoro wote huona ukungu. Miwani ya kuogelea huirudisha hewa mbele ya jicho, na konea ikapata tena kazi yake; ila asiyeona mbali hurudishiwa jicho lake pamoja na kasoro yake. Ni kweli kwamba vitu vya majini huonekana vikubwa zaidi kwa kadiri ya theluthi moja, na kana kwamba vimesogea karibu kwa robo ya umbali wao, jambo linalomfariji mwenye namba ndogo. Lakini mwenye namba 4, ambaye nchi kavu huona sawasawa hadi sentimita 25 tu, hawezi kuusoma ukutani mwa bwawa ule mstari unaoonyesha kina, wala kumtambua mwanawe katika kundi la watoto. Kwa hiyo siikubali kauli ya wale wanaosema miwani hii ni anasa.

Miwani hiyo huuzwa ikiwa imekwisha kutengenezwa, kwa namba zinazopanda nusu kwa nusu, aghalabu kuanzia 1.5 au 2 hadi 8 au zaidi. Ukienda dukani chukua cheti chako cha macho, nacho kisiwe cha miaka mingi iliyopita. Humo utaona safu ya SPH, ndiyo namba yenyewe ya kutoona mbali, na safu ya CYL, ambayo ni ya kasoro ya umbo la konea isiyorekebishwa na miwani hii ya dukani. Kanuni ni kuigawa CYL kwa mbili, ukaijumlisha na SPH kwa kufuata alama zake: mwenye -3.25 na CYL -0.75 hupata -3.62, naye achague -3.5 badala ya -4, kwa sababu upungufu mdogo hausumbui majini, ilhali nguvu iliyozidi huyachosha macho. Mwenye CYL kubwa, tuseme 2 au zaidi, na aagize lenzi zake maalumu kwa fundi wa miwani. Na kama macho yako hayalingani, tafuta aina ambayo kila jicho huuzwa peke yake, kisha ukaviunganisha vipande mwenyewe kwa mkanda na daraja la pua.

Usiiamini namba iliyoandikwa kwenye kasha kabla hujaijaribu. Iinue miwani mbele ya maandishi yoyote: lenzi ya asiyeona mbali huyapunguza maandishi, na kama hayakupungua hata kidogo, hicho ni kioo kitupu. Kisha tazama taswira ya dirisha katika uso wa nje wa lenzi. Kingo zikionekana zimenyooka, uso huo ni bapa, na uso bapa ndio bora, maana nguvu ya lenzi iliyo bapa kwa nje haibadiliki iingiapo majini.

Hata hivyo namba sahihi haina faida ikiwa maji yanapenya. Ikandamize miwani usoni bila mkanda. Ikinata kwa muda kidogo kabla ya kuanguka, imekukubali. Wengi wetu tuna daraja pana la pua, hivyo ni heri kununua ile inayouzwa pamoja na madaraja kadhaa ya kubadilisha. Kuhusu rangi, mabwawa yetu mengi yako wazi chini ya jua la karibu na ikweta, na lenzi ya kijivu huburudisha macho kuliko ile nyeupe.

Kwenda chini sana ni jambo jingine. Miwani ya kuogelea huiacha pua nje, na mita 10 chini ya maji kanieneo huwa maradufu ya ile ya juu, nayo huikandamiza miwani ikayaumiza macho. Anayekwenda kutazama matumbawe katika hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968, ahitaji barakoa inayofunika pua, ili aweze kupulizia hewa ndani yake. Na kwa kuwa barakoa za kukodi mashuani kwa kawaida hazina namba, ni vyema aje na yake kutoka nyumbani, yenye vioo viwili vinavyobadilishika.

Wapo wanaoepuka gharama hii kwa kuogelea na lenzi za kubandika machoni. Nawasihi waache. Katika maji ya bomba, ya mto na hata ya bwawa lenye klorini huishi amiba iitwayo akanthamiba, ambayo hukaa chini ya lenzi na kuila konea, na maradhi yake ni machungu, hutibiwa kwa miezi mingi, na pengine humpotezea mtu nuru ya jicho.

Wazazi wa watoto wanaokua wasihofu kwamba namba hubadilika. Mtoto apimwe kila mwaka, na miwani iliyomwacha apewe mdogo wake mwenye namba hiyo, maadamu mkanda haujalegea na silikoni haijakakamaa.