Nani Huwaambia Mbayuwayu wa Karagwe Kwamba Baridi ya Ulaya Inakwisha?

Mwishoni mwa Februari, wakulima wa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, wanapotayarisha mashamba ya maharage na kuangalia mawingu ya masika, nyaya za umeme kati ya Kayanga na Omurushaka hujaa mbayuwayu. Wengi hupita chini yake bila kuinua macho. Anayesimama na kutazama vizuri, hasa mwenye darubini, ataona kwamba ndege hao si wa aina moja. Mmoja ana tumbo la kijivu, na wekundu wa koo lake umeteremka hadi kifuani. Huyo ni mbayuwayu wa Angola, mwenyeji wetu wa mwaka mzima, anayejenga kiota cha tope chini ya mapaa ya nyumba na madaraja. Mwingine ana tumbo jeupe, koo la rangi ya matofali, na ukanda wa bluu iliyokolea unaokatisha kifua. Huyu wa pili ni mgeni, na ndani ya wiki chache atakuwa njiani kuelekea kaskazini.

Mtazame mkia. Mbayuwayu huyu ana manyoya mawili marefu membamba pembeni mwa mkia, lakini mwezi huu mara nyingi hayalingani: moja limefika urefu wake, jingine lingali linachomoza. Alifika kwetu mwishoni mwa mwaka akiwa na manyoya yaliyochakaa kwa safari na kazi ya kulea makinda. Tangu hapo amekuwa akiyabadilisha taratibu, unyoya mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio unaofanana kwenye mabawa yote mawili ili asipoteze uwezo wa kuruka hata siku moja. Kwa ndege anayekamata kila tonge lake angani, hakuna njia nyingine. Yale ya ncha ya bawa na ya pembeni mwa mkia humalizika mwishoni. Makinda waliokuja wakiwa wamefifia rangi, koo likiwa la kahawia hafifu, sasa nao wanang'aa kama wazazi wao. Kwa hiyo vazi ambalo mwanakijiji wa Urusi atalisifia mwezi Mei limeshonwa huku kwetu, kwa wadudu wa mabonde yetu.

Wakati huohuo, huko anakokwenda bado ni theluji. Maziwa yameganda, hakuna nzi wala mbu. Kutoka Karagwe hadi Moscow, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 6,000. Hakuna upepo wala harufu inayoweza kuleta habari ya mbali kiasi hicho. Lakini ndege anajiandaa, na anajiandaa kwa wakati.

Swali la nani humwambia aondoke ni gumu zaidi kwetu kuliko mahali pengine. Ndege aliyeko Ulaya ana kalenda ya wazi juu ya kichwa chake: kiangazi mchana hurefuka kupita kiasi, majira ya baridi hufupika. Karagwe na Kyerwa ziko nyuzi moja hadi mbili tu kusini mwa Ikweta. Hapa tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote ni kama dakika kumi kwa mwaka mzima. Jua linachomoza karibu saa moja asubuhi Januari, na vivyo hivyo Juni. Mvua nazo zina ratiba, lakini mvua ya Nkwenda, Kyerwa, haisemi lolote kuhusu theluji ya Siberia.

Wapo ndege wanaoongozwa na mvua, na hao ni kundi jingine. Korongo wa Abdim, mweusi mwenye tumbo jeupe, huzaliana katika ukanda wa Saheli wakati wa mvua za huko, kisha hushuka kusini kwa makundi makubwa akifuata mvua zetu na panzi wanaoandamana nazo. Haondoki Afrika ila kwa vipande vidogo vya Uarabuni. Kwake yeye mbingu za mbele zina habari za kutosha. Mbayuwayu na wenzake wa kaskazini wanahitaji kitu kingine.

Jibu lilipatikana ndani ya vyumba vilivyofungwa huko Ujerumani. Kuanzia miaka ya 1960, mtafiti Eberhard Gwinner alifuga ndege wadogo wahamao, akianza na Phylloscopus trochilus, ndege wa kijani hafifu na manjano anayeruka-ruka kwenye matawi ya migunga akiokota wadudu. Ana uzito wa gramu tisa hivi, sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari. Huyu naye hutumia majira yake ya baridi Afrika, na ni mmoja wa ndege wachache sana wanaobadilisha manyoya yote mara mbili kwa mwaka: mara moja kwao, mara moja kwetu. Gwinner aliwaweka katika chumba chenye joto lisilobadilika, mwanga saa 12 na giza saa 12, kila siku. Yaani, bila kukusudia kuitaja, alitengeneza mchana wa Karagwe.

Ndege wale walibadilisha manyoya. Wakanenepa. Ulipofika wakati ambao wenzao walioko porini huanza safari, walianza kuhangaika usiku ndani ya vizimba, wakirukaruka na kupiga mabawa saa ambazo ndege wa mchana hulala. Kisha wakatulia, na baadaye wakaanza tena. Majaribio yaliyofuata kwa aina nyingine yaliendelea kwa miaka, na mzunguko haukukatika. Ila uliteleza: bila jua la nje kuurekebisha, mwaka wa ndege wale ulielekea kuwa wa miezi kama kumi badala ya kumi na miwili. Gwinner na wenzake waliona hali kama hiyo hata kwa ndege wa Kenya asiyehama kabisa, jambo linaloonyesha kwamba saa hii ya mwaka si mali ya wasafiri peke yao.

Hapo ndipo mambo yanapoungana. Ndege anabeba mwaka mwilini mwake. Akiwa kaskazini, urefu wa mchana unairekebisha saa hiyo. Akiwa huku, ambako mchana haumwambii kitu, saa inaendelea yenyewe na kumpa amri: maliza manyoya, kula zaidi, ondoka. Kwa maoni yangu hili ni moja ya mambo makubwa kabisa ambayo mtu wa Kyerwa anaweza kuyashuhudia kwa macho yake akiwa amesimama kando ya barabara, na hakuna sehemu nzuri ya kulielewa kuliko karibu na Ikweta, ambako visingizio vyote vingine vimeondolewa.

Wazungu wenyewe walichelewa sana kujua ndege wao wanakwenda wapi. Kwa karne nyingi wasomi wao waliandika kwamba mbayuwayu hujizika kwenye matope chini ya maziwa na kulala huko hadi baridi ipite. Mwaka 1822, katika kijiji cha Klütz kaskazini mwa Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa amechomwa shingoni na mkuki wa Kiafrika, akawa ameruka nao hadi kwao. Mwili wake umehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza, mwaka 1911 alikamatwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Wakati huo wote wafugaji wa Kinyambo walikuwa wakiwaona ndege hao kila mwaka juu ya ng'ombe wao. Wasafiri wa Uingereza John Speke na James Grant, waliopokewa na Mukama (mfalme) Rumanyika Novemba 1861, walikaa Karagwe katika miezi ileile ya ndege wa kaskazini. Ziwa dogo lililo karibu na ikulu waliliita Windermere, kwa kulifananisha na ziwa la Uingereza, ingawa lilikuwa na jina lake.

Saa peke yake haimfikishi ndege popote. Anahitaji chakula, na chakula ndicho sababu ya maziwa na mabonde yetu kuwa na maana kubwa mwezi Machi. Ukitoka Ziwa Burigi kusini, ukapita Ziwa Rwakajunju, ukaendelea na Mto Kagera hadi Murongo mpakani mwa Uganda, unafuata mlolongo wa maji na mafunjo ambao unaungana, ng'ambo ya mto, na maziwa ya Hifadhi ya Akagera ya Rwanda, ambako zaidi ya aina 480 za ndege zimeorodheshwa. Ndege hawana mpaka wa Kyerwa na Rwanda.

Kwenye ukingo wa maji, pale ng'ombe wanapokanyaga tope wakinywa, tafuta ndege wa ukubwa wa kati, miguu mirefu ya kijani-njano, mgongo wa kahawia wenye madoa meupe, anayetikisa sehemu ya nyuma kila anaposimama. Ni mmoja wa chamchanga, kwa jina la kisayansi Tringa glareola. Huyu hutaga kwenye vinamasi vya misitu ya Skandinavia na Siberia. Nyayo za ng'ombe zinamfaa sana: kila shimo la kwato linashika maji kidogo, na kila maji kidogo yana mabuu. Miguuni mwa ng'ombe haohao hukimbia ndege wadogo wa kifua cha njano, mkia ukipandashuka bila kukoma, wakidaka nzi wanaofurushwa na kwato. Madume yao huzidi kukolea njano kadiri Machi inavyosonga.

Mvua za kwanza zikidondoka, enswa, yaani kumbikumbi, wanatoka. Kila mtu wa Kagera anajua pilikapilika za kumbikumbi. Kwa ndege ni karamu ya mafuta. Mbayuwayu huwadaka angani, na keremkerem wa Ulaya, ambao hupita kwa makundi Machi na Aprili wakiitana kwa mluzi mwororo hata kabla hujawaona, hushuka nao. Keremkerem ana ufundi wake. Akimkamata nyuki hurudi tawini, akampiga kichwa kwenye mti, kisha akamgeuza na kusugua mkia wake kwenye gome hadi sumu imwagike, ndipo ammeze. Wafuga nyuki hawampendi kwa hili, lakini hula pia nyigu na wadudu wengine wengi wanaoruka.

Mafuta ndiyo mzigo wa safari. Gramu moja ya mafuta hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga, na haihitaji maji ya kuihifadhi. Baadhi ya ndege wadogo hukaribia kuongeza uzito wao mara mbili kabla ya kuvuka jangwa, na ukimshika mmoja na kupuliza manyoya ya kifua unaona mafuta ya manjano yamejaa kwenye shimo la chini ya koo. Mbayuwayu hula akiwa safarini, mchana. Wadogo wa vichakani huruka usiku, wakitumia nyota na usumaku wa dunia kushika njia. Korongo mweupe hafanyi hata kimoja cha hivyo: ana mabawa ya mita mbili na hupanda hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini, kisha huteleza hadi kwenye safu nyingine. Juu ya bahari hakuna hewa ya namna hiyo, ndiyo maana wale wanaokuja upande wetu huzunguka Mediterania kupitia Sinai.

Wenyeji nao wasisahauliwe. Ndani ya mafunjo anaishi Laniarius mufumbiri, mwenye tumbo jekundu na utosi wa njano, ambaye hana maisha nje ya mafunjo. Kwenye miti ya malisho na mashamba yuko Lybius rubrifacies, zuakulu mweusi mwenye uso mwekundu, ambaye duniani kote anapatikana tu katika eneo hili letu: kaskazini-magharibi mwa Tanzania na sehemu jirani za Rwanda, Burundi na Uganda. Korongo taji yuko kwenye orodha ya ndege walio hatarini tangu 2012.

Saa ya ndani ina udhaifu wake, na unajitokeza zaidi kadiri dunia inavyopata joto. Christiaan Both na Marcel Visser waliandika mwaka 2001 kuhusu ndege mdogo anayezaliana Uholanzi na kukaa Afrika Magharibi wakati wa baridi. Huko Uholanzi majani yalikuwa yakichipua mapema na viwavi kutokea mapema, lakini ndege hakuwa na njia ya kujua hilo akiwa Afrika. Alifika kwa tarehe zake za zamani na kukuta karamu inakwisha. Utafiti wao wa 2006 ulionyesha kwamba mahali ambapo viwavi viliwahi sana, idadi ya ndege hao ilishuka kwa hadi asilimia 90.

Upande wetu kuna mengi tunayoweza kuyafanya. Mwaka 2019 zilitangazwa hifadhi za taifa Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini chamchanga wa kwato za ng'ombe haishi ndani ya hifadhi tu. Yuko kwenye bonde la kijiji, lile linalochomwa moto kila kiangazi na kuchimbwa mifereji ili kupata shamba la mboga. Mafunjo huota tena baada ya moto; bonde lililokaushwa halirudi kirahisi, na chemchemi za wanakijiji hukauka pamoja nalo. Napenda kuona halmashauri zinazopima mashamba zikipima na mabonde, na kuyaacha yakiwa na maji.

Kingine hakihitaji bajeti. Kila Januari watu katika nchi nyingi huhesabu ndege wa majini kwa pamoja, kazi iliyoanza 1967, na Tanzania ina mradi wake wa Atlasi ya Ndege unaopokea kumbukumbu kutoka kwa yeyote. Watazamaji wengi huishia Serengeti na Ngorongoro. Shule ya sekondari iliyo juu ya Rwakajunju au kando ya Kagera ingeweza kuandika, mwaka hadi mwaka, tarehe ya mbayuwayu wa mwisho mwenye tumbo jeupe, na daftari hilo lingekuwa na thamani kwa mtafiti yeyote wa Ulaya anayejaribu kujua kama ndege wameanza kuondoka mapema. Liandikwe pia mwezi Juni, wakati wengine wote wameshakwenda, kwa sababu baadhi ya ndege wa tope wa mwaka wa kwanza hawaendi kuzaliana na hubaki huku hadi msimu unaofuata.