Mlinzi Naye Alindwe

Jamaa nyingi hutundika kamera mlangoni kwa hofu ya wezi. Vema, lakini kamera ya intaneti ni kompyuta ndogo, nayo huweza kutekwa. Mwaka wa 2016 programu mbaya iitwayo Mirai iliteka kamera nyingi zilizobaki na neno la siri la kiwandani. Tarehe 21 Oktoba zikaisonga kampuni Dyn ya Marekani kwa maombi, hata watu wengi wasiweze kufungua Twitter. Wenye kamera hawakujua lolote!

Basi, baba wa nyumba, badili kwanza neno lile. Kisha ipe kamera mtandao wa peke yake, uliotengwa na kompyuta ambamo watoto hujifunza. Katika ruta, ruhusu simu yako iiendee kamera. Kamera isiruhusiwe kuiendea kompyuta.