Fukushima na Chimbuko la Mashine Zinazotambua Picha

Utambuzi wa ruwaza ni tawi la akili mnemba linalochunguza namna mashine inavyoweza kubaini kuwa vitu viwili visivyolingana, kama vile herufi moja iliyoandikwa na watu wawili, ni vya aina moja. Miongoni mwa waliolishughulikia swali hilo kwa subira kubwa ni Kunihiko Fukushima, mhandisi wa Japani aliyehitimu Chuo Kikuu cha Kyoto mwaka 1958 na kuajiriwa na shirika la utangazaji la NHK, ambako katikati ya miaka ya 1960 alifanya kazi bega kwa bega na wanasaikolojia na wataalamu wa fiziolojia ya neva.

Ujirani huo wa taaluma ndio uliozaa matunda. David Hubel na Torsten Wiesel, waliochunguza ubongo wa paka huko Marekani, walikuwa wamegundua kwamba baadhi ya seli huitikia mstari wenye mwelekeo fulani ukiwa mahali fulani tu, ilhali nyingine huuitikia hata ukisogea kidogo. Kwa kufuata mpangilio huo, Fukushima alibuni neokognitroni, aliyoieleza kwa Kiingereza mwaka 1980: mtandao wa neva bandia, yaani mfumo wa vikokotozi vidogo vilivyounganishwa kwa tabaka, ambamo tabaka moja hutafuta sifa ndogondogo za picha, kama ncha na mikunjo, na linalofuata hulegeza sharti la mahali sifa hizo zilipo, hata umbo likatambulika popote liangukapo.

Mwaka 1989 mtafiti Yann LeCun na wenzake walifunza mtandao wa muundo unaokaribiana na huo kusoma tarakimu za misimbo ya posta zilizoandikwa kwa mkono, kwa kupima kosa la jibu na kulirudisha nyuma tabaka kwa tabaka ili kurekebisha nguvu ya kila kiungo. Mwaka 2012 mtandao wa ukoo huohuo, uliofunzwa kwa picha zipatazo milioni 1.2, ulishinda shindano la ImageNet la kutambua vilivyomo pichani kwa tofauti kubwa.

Fukushima, aliyeanza kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Osaka mwaka 1989, alitunukiwa Tuzo ya Bower mwaka 2021. Hata katika uzee wake aliendelea kuchapisha maboresho ya neokognitroni ileile.