Chombo kilichotumika: Usinunue rangi, nunua miaka iliyobaki

KATIKA matangazo ya kuuza boti za tanga, kuna maneno mawili yasiyokosekana: "imetunzwa vizuri". Utayakuta chini ya picha ya trimarani, ile boti yenye viwiliwili vitatu, kimoja kikubwa katikati na viwili vyembamba ubavuni, ambayo mwenyewe amevuka nayo bahari kuu kwa miaka kadhaa na sasa anataka kurudi kuishi nchi kavu. Maneno ya aina hiyo hiyo utayasikia pwani yoyote kuanzia Lamu hadi Mtwara, mtu akikuonyesha ngalawa iliyoegeshwa mchangani: "Hii bado nzima kabisa, ndiyo kwanza tumeipaka rangi."

Pengine utajiuliza, ndugu msomaji, trimarani inaingiaje katika ukurasa wa wakulima na wafanyabiashara wadogo. Inaingia kwa sababu wapo wengi miongoni mwenu ambao wanatafuta chombo cha majini kilichotumika: wa kuvulia, wa kubebea mwani kutoka shambani, wa kuvusha mizigo visiwani, au wa kutembeza watalii. Na ngalawa, tukitazama umbo lake, ni trimarani. Babu zetu walikuwa nayo karne nyingi kabla wahandisi wa Ulaya na Marekani hawajaanza kuchora za kwao.

Siri ya umbo hilo ni upana. Boti ya kawaida ya tanga ya Kizungu hubeba uzito mkubwa wa risasi au chuma chini ya mkuku ili upepo usiilaze. Trimarani haina haja ya uzito huo, maana viwiliwili vya pembeni ndivyo vinavyoizuia isipinduke. Matokeo yake ni boti nyepesi, yenye mwendo, inayoelea kwenye maji machache na inayoweza kukaa juu ya mchanga maji yakipwa. Gogo la mwembe lililochongwa kuwa mtumbwi lina tatizo hilo hilo: ukilisimamishia mlingoti na tanga, upepo wa kwanza utalipindua. Mafundi wetu waliongeza mbao mbili za kuelea, moja kila upande, wakaziunga kwa miti inayokatiza juu ya mtumbwi, na mtumbwi ukawa chombo cha kwenda mbele ya miamba.

Lakini vyombo hivi viwili vimefanana pia katika udhaifu. Kwanza havipendi mzigo. Mtu anayenunua ngalawa kwa nia ya kubeba magunia ya saruji amenunua chombo kisicho chake; aende kwenye mashua au dau. Pili, nguvu zote za bahari huishia kwenye maungio. Wimbi linainua upande mmoja huku likishusha mwingine, na kazi hiyo hufanyika maelfu ya mara kwa siku. Mbao hazivunjiki siku hiyo. Huchoka kidogo kidogo.

Mfano mkubwa ni wa Nigel Tetley, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye mwaka 1968 aliingia katika mashindano ya kuzunguka dunia peke yake bila kutia nanga bandarini. Alikwenda na trimarani ya plaiwudi iitwayo Victress, ambayo yeye na mkewe walikuwa wakiishi ndani yake. Aliizunguka dunia kweli, akakata njia yake mwenyewe katika Atlantiki, kisha Mei 1969, akiwa karibu na visiwa vya Azores na akiikimbiza boti iliyokwisha kuchoka kwa sababu aliamini kuna mshindani anayemkaribia nyuma, viungo vikaachia na Victress ikazama. Yeye aliokolewa. Mshindani huyo, Donald Crowhurst, alikuwa akitoa taarifa za uongo kuhusu mahali alipo, na hakurudi hai. Trimarani yake, Teignmouth Electron, ilikutwa ikielea bila mtu. Baadaye iliuzwa, ikafanya kazi na watalii katika visiwa vya Cayman, ikaharibika, ikaachwa ufukweni ikaoza. Chombo kimoja kilivunjwa na kazi na kingine kikamalizwa na kuachwa, na mnunuzi wa chombo kilichotumika anapaswa kuchunguza mambo hayo mawili.

Maji ya mvua ni adui

Watu wengi hudhani maji ya chumvi ndiyo yanayoozesha mbao. Sivyo. Chumvi huzuia kwa kiasi kikubwa ukungu unaoozesha mbao, ambapo maji ya mvua yaliyotuama huulea. Ndiyo maana trimarani nyingi za plaiwudi zilizojengwa miaka ya 1960 na 1970 ziliozea juu, kwenye sitaha na kuzunguka madirisha, mahali ambapo tone la mvua hupenya kwenye tundu la skrubu. Sehemu ya chini iliyokaa baharini mara nyingi ilikuwa nzima. Za kisasa hujengwa kwa faibaglasi, kama zile za kampuni ya Neel ya La Rochelle, Ufaransa, au za Dragonfly za Denmark ambazo viwiliwili vyake vya pembeni hukunjwa, lakini hata faibaglasi yenye mbao nyepesi au povu katikati huweza kunywa maji kupitia tundu dogo.

Kwa hiyo wanunuzi wa boti hizo hawamwamini muuzaji wala picha. Humlipa mkaguzi, boti ikapandishwa juu, naye akapita akigonga kwa nyundo ndogo akisikiliza sauti, na kupima unyevu kwa kifaa. Huuliza nyaya zinazoshikilia mlingoti ni za mwaka gani, maana zikishavuka miaka 10 hivi mkaguzi makini hushauri zibadilishwe hata kama zinaonekana nzuri. Huomba daftari la matengenezo lenye tarehe na risiti. Mwenye daftari hilo hupata bei nzuri, na ni haki yake.

Sisi hatuna mkaguzi wa kulipwa kwa ajili ya ngalawa, lakini tuna mafundi wa vyombo, na ada ya fundi kwa nusu siku ni ndogo ukilinganisha na hasara. Usimchukue fundi aliyeletwa na muuzaji. Nenda naye maji yakiwa yamepwa, ikiwezekana wakati wa bamvua ambapo maji hutoka mbali na chombo hubaki kikavu kwa muda wa kutosha. Agonge mbao kote. Sauti kavu ni nzuri, sauti nzito kama ya boga bivu si nzuri. Achome kwa ncha ya kisu chini ya miti inayokatiza, hasa mahali kamba zilipofungwa, kwa sababu maji ya mvua hukaa hapo na kamba huficha uozo. Kama kamba ni mpya tu sehemu moja, uliza kwa nini.

Chini ya maji kuna jambo lingine, wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Tundu la kuingilia ni dogo kama la sindano, lakini ndani wamechimba mahandaki. Wenye vyombo vinavyotunzwa hupandisha chombo kila baada ya muda, hukichoma kwa moto wa makuti makavu ili kuwaua, kisha hupaka shahamu na chokaa chini, na sifa juu. Kwa mashua na jahazi ongeza kalafati: je, pamba katika maungio ya mbao ni ngumu, au inatoka ukiivuta kwa kucha? Misumari inalia kutu? Muulize muuzaji mara ya mwisho alipandisha chombo lini na fundi alikuwa nani, halafu mtafute fundi huyo peke yako. Rangi mpya peke yake haithibitishi lolote. Mimi binafsi ningependelea chombo chenye rangi iliyopauka kuliko kilichopakwa wiki iliyopita, kwa sababu kile cha kwanza hakina kinachofichwa.

Hesabu ya bei

Sasa tuje kwenye fedha, ambako wengi hukosea kwa kulinganisha bei na bei. Chombo ni kama ng'ombe wa maziwa: hununui umbo, unanunua miaka ya kazi iliyobaki. Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za kufundishia tu, weka za kwako.

Ngalawa ya kwanza inauzwa Sh1,500,000. Fundi anasema ina miaka 6 ya kazi, matunzo Sh150,000 kwa mwaka, na mwishoni itauzwa Sh200,000 pamoja na tanga lake. Ya pili inauzwa Sh900,000, inahitaji matengenezo ya Sh350,000 kabla haijaingia majini, ina miaka 3, matunzo Sh200,000 kwa mwaka, na mwishoni ni kuni.

Ya kwanza: toa 200,000 kutoka 1,500,000, gawanya kwa 6, unapata takriban Sh216,667. Ongeza matunzo, inakuwa Sh366,667 kwa mwaka. Ya pili: jumlisha 900,000 na 350,000, gawanya kwa 3, unapata Sh416,667. Ongeza matunzo, inakuwa Sh616,667 kwa mwaka. Ile ya "bei poa" inakugharimu Sh250,000 zaidi kila mwaka. Na kama mtaji ni wa mkopo, tofauti ya fedha za kuanzia kati ya vyombo hivi ni Sh250,000 tu. Hata kwa riba ya asilimia 20 hiyo ni Sh50,000 kwa mwaka.

Hatujahesabu siku za kukaa pwani. Ikiwa ngalawa ya pili italala kwa fundi siku 40 zaidi kwa mwaka, na siku moja ya kazi inakuachia Sh8,000, umepoteza Sh320,000 nyingine.

Tugeuze swali: ngalawa ya pili ingepaswa kuuzwa kiasi gani ili iwe sawa na ya kwanza? Toa matunzo ya 200,000 kutoka 366,667, inabaki 166,667. Zidisha kwa miaka 3, unapata karibu Sh500,000. Toa matengenezo ya 350,000. Inabaki Sh150,000. Chombo kilichotajwa kwa Sh900,000 thamani yake kwako ni Sh150,000, na ukiingiza zile siku zilizopotea hata hiyo hailipi. Nimeshawafanyia hesabu hii wafanyabiashara kadhaa, na mara nyingi hunyamaza kwanza.

Wakati wa kununua nao una bei yake. Kusi likivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, vyombo vidogo hutoka siku chache na muuzaji mwenye shida huwa mpole. Kaskazi likitulia na watalii wakiwa wengi, kila mwenye tanga anajua thamani yake. Neno dogo pia kwa wakulima: magogo makubwa ya mwembe hayapatikani kirahisi kama zamani, na mchonga mitumbwi akija shambani kwako usikubali bei ya kuni. Linganisha na maembe ambayo mti huo bado unaweza kukupa kila msimu.

Karatasi na malipo

Kuhusu trimarani ya mgeni inayouzwa katika bandari zetu, tahadhari moja inatosha. Boti za watalii wa baharini kwa kawaida huingia kwa kibali cha muda bila kulipiwa ushuru chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Mwenyeji akiinunua, ushuru unamsubiri yeye. Nenda forodha kabla ya kutoa hata shilingi, na uhakikishe jina lililo katika hati ya usajili ndilo la anayekuuzia.

Kwa ngalawa au mashua ya uvuvi, anza kwa ofisa uvuvi wa halmashauri na viongozi wa BMU wa eneo hilo. Hao watakuambia kama chombo kimesajiliwa, leseni ni ya mwaka gani, na kama kinadaiwa au kina mgogoro wa urithi, jambo la kawaida chombo kikiwa cha marehemu mwenye watoto wengi. Ukitaka kubeba abiria au watalii, hiyo ni ruhusa nyingine kwa mamlaka ya usafiri majini: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar, na Mamlaka ya Bahari ya Kenya kwa wenzetu wa kaskazini.

Mkataba uandikwe, nao utaje vitu kimoja kimoja: tanga, foromali, nanga, kamba, usukani, mashine kama ipo na namba yake. Migogoro mingi ya mauziano huanzia kwenye tanga lililobadilishwa usiku baada ya bei kukubaliwa.

Lipa kwa awamu mbili. Ya mwisho itoke baada ya chombo kukaa majini. Mashua iliyokaa juu muda mrefu itavuja siku ya kwanza hata ikiwa nzima, maana mbao zimekauka na kuachana. Zikinywa maji zinavimba na kuziba. Ikiwa siku ya tatu bado unakumba maji asubuhi na jioni, mwite fundi wako, na fedha zilizobaki zikae mfukoni.