Je, Wajua? Chai na arosto ya sigara
Ukipanda mlima kutoka Sigi kuelekea Amani, mkoani Tanga, msitu unayapisha mashamba ya chai, zao lililoletwa huku na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Anayeacha sigara aitazame chai hiyo kwa makini. Moshi wa tumbaku, wala si nikotini, hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, kasi hiyo hushuka ndani ya siku chache, na vikombe vilevile vya chai ya rangi huacha kafeini nyingi zaidi mwilini: moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi hauji. Wengi huilaumu arosto, yaani dhiki ya mwili kukosa nikotini, peke yake. Arosto huwa kali zaidi siku 3 za mwanzo, kisha hulegea ndani ya wiki 2 hadi 4. Punguza chai kwa nusu, hasa ya jioni.