Nishani za Joka na Nishani za Keya

Haikosi kuwako, katika nyumba za Suam, Endebess na Kimilili, nishani iliyofungwa kitambaani na kuwekwa sandukuni, masalio ya babu aliyekuwa askari wa Keya. Pengine hutokea mnunuzi akaitolea bei, na wenye nyumba hawajui wakubali au wakatae. Yafaa basi ijulikane jinsi wakusanyaji wa nishani wanavyozipima, na mfano ulio wazi sana ni ule wa nishani za zamani za Uchina, ambazo leo hutafutwa minadani kwa fedha nyingi.

Hapo kale Wachina hawakuwa na desturi ya kumtundikia mtu nishani kifuani. Aliyetenda jambo kubwa alipewa na mfalme wao koti la manjano, au unyoya wa tausi wa kutia kofiani. Jenerali Charles Gordon, yule Mwingereza ambaye baadaye alitawala nchi za Mto Nile hadi kaskazini ya Uganda, alipewa koti hilo mwaka 1864 kwa kuisaidia Serikali ya Uchina kuwashinda waasi. Lakini wafalme wa Ulaya walikuwa na desturi nyingine: mjumbe alipofika kwa mfalme wa kigeni alivikwa nishani, na mfalme wake naye akajibu kwa kumvika mjumbe wa upande wa pili. Uchina ilikuwa haina cha kujibu. Ndipo mwaka 1882 ikaanzishwa Nishani ya Majoka Mawili, hasa kwa ajili ya wageni. Ilikuwa na madaraja matano. Lile la juu kabisa lilitiwa lulu, na ngazi yake ya kwanza iliwekwa kwa wafalme.

Zanzibar ilikuwa imekwisha kutangulia. Sayyid Barghash alianzisha Nishani ya Nyota Ing'aayo mwaka 1875, mwaka ule ule alipozuru Uingereza. Wako wanaosema kuwa mambo haya ni mapambo tu. Sivyo: dola iliyopokea heshima bila kuweza kuirudisha ilionekana ndogo mbele ya nyingine, na watawala hao wawili, kila mmoja akisongwa na Wazungu katika nchi yake, walilifahamu jambo hilo vizuri.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Nishani ya Majoka Mawili haikuandikwa jina la aliyepewa. Jina lake lilikuwa katika hati iliyotolewa pamoja na nishani. Nishani iliyotengana na hati yake ni kitu kizuri cha kutazama, lakini hakuna ajuaye ilivaliwa na nani wala kwa sababu gani. Tena nishani bandia ni nyingi. Ndiyo maana iliyo na hati yake hupata bei kubwa zaidi.

Yako masikitiko zaidi ya hayo. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 Waingereza waliwachukua Wachina wapatao 95,000 kufanya kazi Ufaransa nyuma ya majeshi. Nishani yao ilikuwa ya shaba, ilhali ya askari Mwingereza ilikuwa ya fedha, na ukingoni mwake iliandikwa namba ya mtu na kikosi chake tu. Mchina huyo alikuwa na jina, lakini nishani yake hailijui.

Askari wa Keya waliopigana katika vita ile waliandikiwa namba na majina yao ukingoni mwa nishani ya fedha, kwa herufi ndogo. Mtu asiisugue kwa mchanga wala majivu ili ing'ae, maana herufi hizo hufutika. Lakini nishani za vita vya 1939 hadi 1945 walizopewa Keya hazikuandikwa jina lolote. Nyota ya Burma ya mtu mmoja ni sawasawa na ya mwingine. Kwa watu wa Suam jambo hili ni zito, kwa kuwa mto ndio mpaka, na ndugu huweza kukaa huku na huku. Batalioni ya 4, ya Uganda, na ya 11, ya Kenya, zote mbili zilikwenda Burma katika Divisheni ya 11, iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944. Cheti cha kuachwa jeshini ndicho kinachoweza kuonyesha mzee alikuwa katika ipi.

Basi cheti na nishani visitenganishwe, hata katika kugawana urithi. Kama cheti kimeliwa na mchwa, na aandikwe jina la mzee, kijiji chake, na yale aliyoyasimulia, na karatasi hiyo iwekwe pamoja na nishani mahali pakavu. Anayetaka kujua zaidi kabla ya kuuza aweza kwenda kuuliza katika Jumba la Makumbusho la Kitale. Jumba hilo lenyewe lilitokana na vitu vilivyokusanywa na mtu mmoja, Kanali Stoneham, aliyeanzisha jumba lake mwenyewe mwaka 1926.